SABUNI KUGANDA KABLA YA KUIVA
Mazungumzo na vikundi vya watengeneza sabuni, Qurus, Karatu



Sisi watu wa visiwani tumezoea kuona mafuta ya nazi yakiwa maji mchana kutwa. Huku kwenu Qurus, asubuhi za Juni na Julai, mafuta hayo hayo huganda chupani, kwani hushikana joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Shahamu ya ng'ombe huwahi zaidi, kwenye nyuzi 40 hivi. Basi mkorogaji huona mchanganyiko umekuwa mzito kama uji, akadhani umeiva, akaumwaga katika kalibu. Kumbe yaliyoganda ni mafuta tu, na kostiki haijaungana nayo. Kipande hutoka na chengachenga, pengine na vishimo vyenye maji yanayounguza ngozi. Sabuni ya namna hiyo haifai kuuzwa, seuze kuogeshewa mtoto. Ivunjwevunjwe, iyeyushwe upya kwa moto mdogo na kukorogwa hadi ilainike sawasawa.

Kinga yake ni kuyeyusha mafuta mpaka yawe maangavu, kisha kuyachanganya na maji ya kostiki vyote vikiwa na joto la nyuzi 45 hivi, na kuifunika kalibu kwa blanketi usiku kucha. Kostiki ndiyo itiwayo katika maji. Maji yasimiminwe juu ya kostiki abadani.

Ama ule unga mweupe juu ya kipande, usiwatie hofu. Ni magadi, jamaa ya yale ya Ziwa Magadi ndani ya Kreta ya Ngorongoro, yazaliwayo kostiki ikikutana na hewa. Yakwangueni tu.