Picha Kongwe za Kaskazini Mashariki na Wajibu wa Kuzisimulia: Mtazamo kutoka Modogashe

Picha kongwe, kwa maana inayotumika katika mada hii, ni picha ya karatasi iliyopigwa kabla ya enzi za simu, ambayo mara nyingi aliyeipiga na aliyepigwa hawakujuana, wala anayeitazama leo hawajui wote wawili. Hoja ya mada ni kwamba mjini Modogashe, penye njia panda ya Isiolo, Wajir na Garissa, picha ya namna hiyo haifai kusambazwa kabla ya simulizi yake kutafutwa, kwa kuwa ikienda peke yake huweza kuzua madai yasiyo na msingi.

Uhaba wa picha zilizopigwa kwa hiari ya wenyeji una historia yake. Wakati mpigapicha Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na watu wa pwani wakawa wanajichagulia mavazi na mikao mbele ya kamera, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambamo Modogashe ilikuwamo, ilikuwa imefungwa kwa sheria ya mwaka 1902, hata mgeni hakuingia bila kibali. Waliokuwa na kamera wakawa hasa maofisa, askari na wasafiri, ambao waliandika chini ya picha jina la kabila na kuliacha jina la mtu. Picha za msafiri Wilfred Thesiger, aliyezunguka kaskazini mwa Kenya kwa miaka mingi, zimo katika hazina ya negativu zipatazo 38,000 iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, mbali mno na wajukuu wa waliopigwa. Kwa familia nyingi za wafugaji, sura ya marehemu imebaki katika kitambulisho tu, na hilo nalo lina uchungu wake kwa Wakenya Wasomali, ambao mwaka 1989 walihojiwa uraia wao na kutakiwa kubeba kadi ya ziada.

Hata hivyo, mzee wa hapa huona katika picha mambo ambayo maelezo ya ofisini hayakuyagusa. Alama ya moto kwenye shingo ya ngamia humtambulishia ukoo wa mwenye mali, mikeka ya nyumba iliyopakiwa mgongoni humwonyesha kwamba familia ilikuwa ikihama, na ukavu wa miti humkumbusha ukame fulani, kwa sababu miaka ya wafugaji huitwa kwa matukio kabla ya kuitwa kwa tarakimu. Huo ni usomaji wa kitaalamu, nao unastahili kuandikwa kwa jina la msomaji wake, akiridhia.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu visima na malisho. Mpaka wa Garissa na Isiolo umebishaniwa kwa muda mrefu, na Azimio la Modogashe la mwaka 2001 lilihitajika ili jamii zikubaliane juu ya malisho, maji na fidia ya mifugo iliyoibwa. Picha ya ngamia wa ukoo mmoja kisimani yathibitisha kwamba walinywa siku hiyo. Haithibitishi umiliki, kwani huenda walikaribishwa na majirani wakati wa kiangazi. Kwa hiyo picha ya kisima yafaa isimuliwe kwanza na wazee wa Kisomali na wa Kiborana, kila upande kwa lugha yake, sauti zao zirekodiwe, na panapotofautiana simulizi, zote mbili ziambatane na picha. Vivyo hivyo, picha ya mwanamke ipelekwe kwanza kwa jamaa zake, nao wakikataa, isionyeshwe.