Mwezi wa Kipande: Maramba na Pwani ya Tanga, 1946 hadi 1949



Nimetakiwa nizungumzie maisha ya kila siku, habari na utamaduni wa Maramba mwishoni mwa miaka ya 1940. Mada za namna hii kwa kawaida huanzia Dar es Salaam: mwaka 1946 Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mwaka 1948 ujumbe wa kwanza wa Baraza la Udhamini ukaja kukagua, mwaka huohuo African Association ikawa TAA, kisha tunaruka hadi 1954 na TANU. Yote ni kweli, na wanafunzi wetu wanayajibu vizuri kwenye mitihani. Ila hayatuambii mtu wa Maramba aliondoka kwake saa ngapi alfajiri, alilipwa lini, taarifa za dunia zilimfikiaje, na kwa nini harusi iliyokwisha kupangwa iliweza kusogezwa wiki mbili mbele. Mimi nitaanzia hapo kwenye harusi. Naona ukitaka kuielewa miaka ile, uliza kwanza watu walihesabuje siku.

Maramba, kwa wasiopafahamu, ipo chini ya milima ya Usambara Mashariki, mahali ambapo nchi ya Wasambaa inashuka kukutana na nchi ya Wadigo, na ukiteremka zaidi kuelekea bahari unawakuta Wasegeju. Wilaya ya Mkinga tunayoitaja leo ilizaliwa 2007 tu. Wakati ule mambo yote yalikwenda boma la Tanga. Watu wa hapo walikuwa na kalenda zao za siku nyingi. Mwezi mwandamo uliwapa Ramadhani, Idi na Maulidi. Mvua ziliwapa masika na vuli, yaani nyakati za kupanda. Gulio liliwapa siku ya kushusha ndizi na maharage kutoka mlimani na kupandisha chumvi na samaki mkavu kutoka pwani. Juu ya hizo, mkonge ukaongeza kalenda yake, na hiyo ndiyo kipande.

Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi thelathini. Asubuhi mkataji alipimiwa kazi yake. Akiimaliza, karani alitia alama kwenye nafasi moja. Asipoimaliza, hakuna alama, na jasho la siku hiyo limekwenda bure. Fedha zilitoka nafasi zote thelathini zilipojaa. Mwenye afya na bidii alijaza kwa wiki tano hivi. Aliyeshikwa na homa au aliyefiwa alichukua muda mrefu zaidi, na kadi nayo ilikuwa na muda wake wa mwisho, siku arobaini na kitu. Kwa hiyo mwezi wa kipande haukuwa na jina wala tarehe. Watu wawili wanaolala chumba kimoja kambini waliweza kuwa na miezi miwili tofauti: huyu analipwa Jumamosi hii, yule bado ana siku tisa za kukata. Ndipo unapoelewa kwa nini mahari ilichelewa, kwa nini mwenye duka alikuwa na daftari nene la madeni, na kwa nini harusi ilingoja. Bwana harusi hajajaza.

Kazi yenyewe naomba niieleze taratibu, kwa sababu vijana wengi wa leo wanapita kando ya mashamba kama ya Mjesani bila kujua ndani hufanyika nini. Mkataji aliingia shambani kabla jua halijapanda. Alikata majani ya chini ya mche, akaondoa mwiba wa ncha, akahesabu majani thelathini na kufunga tita, kisha akayabeba matita hadi kwenye reli nyembamba ya troli. Utomvu wa mkonge huwasha, na mwiba ukikuingia mkononi jeraha linakaa. Troli zilipeleka majani kwenye korona, mashine iliyoyaponda na kuyakwangua huku ikimwagiwa maji mengi. Katika kila kilo mia za majani, katani kavu inayopatikana ni kama kilo nne tu. Kinachobaki ni maji na makapi, na harufu yake humpokea mtu akiwa bado yuko mbali. Nyuzi mbichi zilianikwa kwenye mistari ya waya juani, kazi iliyofanywa sana na wanawake na watoto. Zikikauka zinapigwa brashi, zinafungwa marobota na kupelekwa bandarini Tanga, ambako meli zilitia nanga mbali kidogo na mzigo ukavushwa kwa matishari.

Nani aliuhitaji mzigo huo? Mwaka 1942 Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java, nchi za upande wa Uingereza na Marekani zilipoteza vyanzo vyao vikubwa vya nyuzi za kamba. Tanganyika ikabaki tegemeo. Serikali ya Uingereza ilinunua katani yote kwa bei iliyoipanga yenyewe, na utaratibu huo ukaendelea hadi mwishoni mwa 1948, vita ikiwa imekwisha zamani. Mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani yalikuwa yameshikwa na serikali kama mali ya adui. Nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka jimbo hili letu. Mkulima wa Marekani anayefunga ngano yake na mkataji wa Maramba walikuwa wameunganishwa na uzi mmoja halisi, ingawa hawakuwahi kusikiana.

Hapa ndipo kalenda zilipogongana. Mkonge hauna msimu. Unakatwa Januari, unakatwa Julai. Mdigo na Msambaa wana msimu, na masika yakianza shamba lake la mahindi na mihogo linamwita. Alifanya kazi ya mkonge alipohitaji fedha ya kodi au ya nguo, akajaza kipande kimoja au viwili, akarudi kwake. Wenye mashamba walimwita mvivu, na maneno hayo yamo kwenye maandishi yao mengi. Mimi naona alikuwa na hesabu nzuri kuliko wao: mwenye chakula chake nyumbani hana sababu ya kukata majani ya mtu mwaka mzima. Dawa ya wenye mashamba ikawa kutafuta watu ambao mashamba yao yako mbali mno, wasiweze kuyakimbilia mvua ikinyesha. Mwaka 1944 chama chao kiliunda ofisi ya kuajiri, SILABU, ikawachukua watu Kigoma, Njombe, Songea na kwingineko, pamoja na waliotoka Ruanda-Urundi na Msumbiji. Hao ndio manamba. Wengi tuliomo ukumbini humu ni wajukuu zao, hata kama siku hizi tunajibu kwamba asili yetu ni Tanga.

Kambini kila kabila lilikuwa na upande wake, na kila upande ngoma yake. Jumapili, siku ya mapumziko, Wangoni na Wanyasa wangeweza kuwa wanapiga mganda, ngoma inayopangwa kwa mistari na kugeuka kwa amri kama gwaride, huku wenyeji wakicheza sengenya ya Kidigo au mdumange wa Kisambaa. Wakikutana, lugha ilikuwa Kiswahili. Tunapenda kusema Kiswahili kilienezwa na shule, dini na siasa. Tuongeze na mnyapara, tafadhali, na foleni ya posho.

Ramadhani ya 1948 iliangukia mwezi wa saba, wakati wa kipupwe. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya kipimo, aliyefunga aliweza kuwahi alfajiri na kumaliza tita la mwisho karibu na adhuhuri, kabla kiu haijamzidi. Idi ikaangukia karibu na tarehe 7 Agosti. Agosti hiyohiyo serikali ikafanya sensa kubwa, na Tanganyika nzima ikaonekana ina watu milioni saba na nusu hivi. Kambi zilikuwa rahisi kuhesabiwa, kwani majina yalikwisha kuandikwa. Kwa mtu aliyeishi na kadi ya nafasi thelathini, karani mwingine mwenye karatasi hakuwa jambo la ajabu.

Sasa habari. Redio ya Dar es Salaam haikuanza hadi 1951. Muziki wa mashine ulitoka kwenye gramafoni za wenye uwezo, na sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodi tangu 1928, ilikuwa bado inazunguka pwani nzima. Gazeti kubwa lilikuwa Mambo Leo, la serikali, lililotoka kila mwezi tangu 1923. Nakala moja ilisomwa kwa sauti na kusikilizwa na wengi, mashairi yakarudiwa hadi yakashikwa kwa moyo. Jimbo letu halikuwa geni kwa magazeti: Wamisheni wa Magila walichapa lao tangu karne ya kumi na tisa, na Wajerumani walitoa Kiongozi hapa Tanga. Na kuanzia 1946 ofisi ya Wilaya ya Tanga ilikuwa na karani mmoja kutoka Machui aitwaye Shaaban Robert. Mashairi yake katika Pambo la Lugha yalichapwa Afrika Kusini, na yeye akiendelea kushika mafaili ya serikali kwa mshahara wa karani.

Wapo walioleta habari kwa miguu yao. Askari wa keya waliopigana Burma walirudi 1945 na 1946, na walikuwa wamemwona Mwingereza akikimbia na akifa kama mtu mwingine yeyote. Habari nyingine ilifika mfukoni. India ilipopata uhuru Agosti 1947, mfalme George wa Sita hatimaye akaacha kujiita Kaisari wa India, na shilingi mpya ya Afrika Mashariki ya 1948 ikatoka bila maneno hayo. Maandishi ni ya Kilatini, nani angeyasoma Maramba? Lakini wenye duka wengi walikuwa Wahindi, na sidhani walihitaji Kilatini ili waeleze nini kimetokea kwao.

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri na reli ya kati hadi bara. Mombasa walikuwa wamegoma Januari ya mwaka huohuo, na Unguja wangegoma 1948. Maramba ilikuwa katikati ya miji hiyo mitatu. Chama cha wafanyakazi wa mkonge kilikuja baadaye, miaka ya 1950, ila mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba makuli walikaa chini na wakaongezwa mshahara haitazami kadi yake kwa jicho lilelile. Na mpira nao ulikuwa na habari zake: Tanganyika ilichukua Kombe la Gossage 1949, na shangwe hiyo haikuhitaji kipande kujaa.

Nimalizie kwa jambo la kazi yetu sisi walimu. Tukienda kuhoji wazee tumezoea kuuliza: hiyo ilikuwa mwaka gani? Mara nyingi hatupati jibu, tukaandika kwamba kumbukumbu imepotea. Naomba tubadili swali. Tuulize: baba alikuwa anajaza kipande cha ngapi tangu afike? Ilikuwa kabla au baada ya Idi? Mahindi yalikuwa yamefika wapi? Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1948 ni vigumu kumpata leo, kwa hiyo tutakaowapata ni wale waliokuwa watoto, na hasa kina mama walioanika katani wakiwa na miaka minane au tisa. Hao hawajawahi kuhojiwa sawasawa, maana kipande kiliandikwa jina la baba au mume. Tuanze nao, na tuwaombe watafute kwenye masanduku yao. Kadi moja iliyojazwa hadi nafasi ya ishirini na sita, ikaachwa, ina mambo mengi ya kutueleza kuhusu mwezi huo.