MTOTO MGONJWA ASINGOJE ASUBUHI
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama)



Habari za mazao tutazisema baadaye. Tuanze na watoto. Masika haya tumewaona wazazi wakihangaika usiku, mtoto mgongoni, wanagonga mlango huu na huu kutafuta usafiri. Mama mmoja alikuwa akimngoja mumewe arudi mnadani ampe ruhusa. Ruhusa ya nini, jamani? Homa haijui mnada.

Tukumbushane. Mtoto akishikwa na degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, au akilegea hata haamki, hapo pana hatari. Degedege si shetani. Huweza kuwa malaria kali. Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mwende zahanati usiku huohuo.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, zahanati huweza kumwekea dawa ya malaria kwa njia ya haja kubwa. Sasa hapa ndipo penye kazi: joto likishuka, watu wanageuza njia kurudi nyumbani. Dawa ile si tiba kamili, ni ya kumfikisha hospitali tu, akapate sindano. Chukueni barua ya rufaa, muondoke.

Kamati imekubali pikipiki ya ushirika ibebe mgonjwa kwanza, hesabu kesho. Wengine wanauliza, na asiye mwanachama je? Naye abebwe, mtoto hana hisa. Funguo ziko kwa mlinzi wa ghala. Mafuta lita 5 yamewekwa kando, na yasiguswe kwa safari ya mnadani.