Dinamo ya Gari la Zamani

Msikilizaji, kama una Morris Minor au Land Rover ya miaka ya 1960 na taa nyekundu ya chaji haizimiki hata ukikanyaga mafuta, usikimbilie kununua dinamo. Angalia kwanza mkanda wa feni, huenda umelegea. Kisha fundi umeme aishushe dinamo, afungue nyuma na kukagua kaboni: zikiwa fupi abadilishe, na komyuteta, sehemu ya shaba inayosuguana na kaboni hizo, aisafishe kwa msasa laini. Ni kazi ndogo, ingawa mafundi wengine hupenda zaidi kukuuzia oltaneta badala ya dinamo. Ukiikubali, muulize: bodi imeungwa kwenye chanya ya betri au hasi? Magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo yaliungwa chanya. Oltaneta ya kawaida ikifungwa kwenye gari la namna hiyo, dayodi zake huungua papo hapo.