MBWA WAKALI KATIKA NJIA ZA WATU: HADHARI KWA WASAFIRI NA WAKAAZI

(Matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wa umma na wakaazi wa visiwani wenye safari au makaazi katika vitongoji vya Dar es Salaam)





Vyombo vya bahari vinavyotoka bandari ya Malindi kwenda Dar es Salaam huchukua kila siku watumishi wanaokwenda kazini na mafunzoni, wanafunzi, wafanyabiashara na wagonjwa wanaofuata matibabu. Wengi wao hawalali katikati ya mji. Hufikia kwa jamaa zao Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke. Tegeta, Wazo na Bunju upande wa Kinondoni. Au katika Wilaya za Ubungo na Kigamboni, zilizomegwa kutoka wilaya hizo mbili. Mgeni huyo hutoka alfajiri kuwahi daladala, hupita kichochoro asichokijua, na humo hukutana na mbwa.

Mazungumzo haya yanakusudia kueleza mambo manne: kwa nini mbwa wamekuwa tatizo katika njia hizo, mpita njia afanye nini, aliyeumwa afanye nini, na wajibu wa mwenye mbwa pamoja na mamlaka zinazohusika. Jambo hili linagusa visiwa moja kwa moja, kwani kichaa cha mbwa kiliwahi kuondolewa Pemba na kikarejea.

1. Chanzo cha tatizo

Vitongoji vya nje vya Dar es Salaam vimejengwa katika ardhi iliyokuwa mashamba, na bado vinajengwa. Nyumba iliyokwisha imepakana na nyumba isiyokwisha, na ukuta mrefu umepakana na uwanja usio na uzio. Mwenye nyumba hufuga mbwa kwa sababu ya wezi, na mlinzi wa jengo lisilokwisha hufuga mbwa kwa sababu hiyo hiyo. Usiku mbwa hufunguliwa. Asubuhi anatakiwa afungwe, lakini mara nyingi hilo halifanyiki kwa wakati. Watoto wa skuli wanapotoka na tochi zao, mbwa bado yuko njiani naye anaamini kwamba njia ile ni mali ya bwana wake.

Jambo la pili ni taka. Jaa lililo wazi na mabaki ya machinjio, bucha na magenge ya samaki huwakusanya mbwa wengi mahali pamoja. Mbwa mmoja aliye peke yake huweza kumkwepa mtu. Wakiwa kundi hupeana ujasiri. Mbwa jike mwenye watoto chini ya kontena au ndani ya jengo bovu huwa mkali zaidi kuliko wote.

Jambo la tatu ni watu wenyewe. Mbwa anayepigwa mawe kila siku na watoto hujifunza kuwa kila mpita njia ni adui. Wahenga walisema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Tabia ya mbwa mara nyingi hufuata tabia ya wanaomzunguka.

2. Mpita njia afanye nini

Kwanza, asikimbie. Mbwa amezaliwa na silika ya kufukuza kinachokimbia, na hakuna mtu anayemshinda mbwa kwa mbio. Mpita njia asimame, atulize mikono, asimkodolee macho mbwa, kisha arudi nyuma polepole bila ya kumpa mgongo. Ikiwa ana mwavuli, mkoba au kikapu, akiweke kati yake na mbwa. Mbwa akirukia, aume kitu hicho na si mguu. Sauti moja nzito ya kuamrisha hufaa kuliko mayowe.

Mbwa wengi wa mitaani wanaijua ishara ya mtu anayeinama kuokota jiwe, na huweza kurudi nyuma kwa ishara hiyo pekee. Kumpiga kweli ni jambo jengine: mbwa aliyeumizwa huweza kurudi kwa hasira, na kesho yake atamlipiza mtoto asiyehusika. Mtu akiangushwa chini, ajikunje, afunike shingo na masikio kwa mikono, na abaki kimya mpaka mbwa waondoke au msaada ufike.

Watoto wafundishwe mambo haya nyumbani na skuli. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kiasi cha asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Mtoto ni mfupi, hivyo huumwa usoni na kichwani, na jeraha lililo karibu na ubongo ndilo la hatari zaidi. Aidha, mtoto huweza kuficha kwamba ameumwa kwa kuogopa kugombezwa. Mzazi asiyegomba ndiye anayeambiwa mapema.

3. Aliyeumwa afanye nini

Ndugu wananchi, sehemu hii ndiyo yenye uhai na mauti ndani yake.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au kwa mate kugusa jeraha, jicho au mdomo. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa huweza kuwa wiki moja tu au kufikia mwaka. Kipindi hicho cha ukimya ndicho kinachowadanganya watu: jeraha linapona, mtu anasahau, kisha anaanza kuogopa maji na upepo. Dalili zikishatokea, ugonjwa huu huua karibu kila aliyeupata. Duniani kote hukadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban asilimia 99 ya maambukizo ya binadamu hutokana na mbwa. Hata hivyo, aliyetibiwa mapema na kwa ukamilifu huokoka.

Hatua ya kwanza ni kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15. Dakika hizo zihesabiwe kwa saa, kwani maumivu humfanya mtu aone ameosha sana kumbe hajamaliza hata dakika tatu. Baada ya hapo itiwe ayodini au spiriti ikipatikana. Jeraha lisipakwe pilipili, majivu, mafuta wala jiwe la nyoka.

Hapa pana jambo linalohitaji kuelezwa kwa uwazi. Waislamu wengi wa visiwani wamefundishwa namna ya kutoharisha kilichoguswa na mate ya mbwa, kwa kuosha mara saba ikiwemo mara moja kwa udongo. Twahara hiyo ina mahala pake na wanavyuoni wake. Jeraha lililo wazi lina hukumu ya matibabu: lioshwe kwa sabuni na maji, na udongo usitiwe ndani yake, kwani udongo huweza kuleta pepopunda. Mwenye shaka amuulize sheikh wake baada ya kutoka hospitali, si kabla ya kwenda.

Hatua ya pili ni kufika kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hudungwa mkononi, na kwa mtoto mdogo hudungwa pajani. Zile sindano nyingi za tumboni zilizowatisha wazee wa zamani hazitumiki tena. Chanjo ya kwanza hutolewa siku ya kwanza, na zinazofuata hutolewa kwa tarehe zinazoandikwa na mganga, kwa kawaida siku ya tatu na ya saba baada ya ile ya kwanza, na nyengine baadaye kulingana na utaratibu unaotumika. Mwenye jeraha kubwa au la kichwani huhitaji pia dawa ya kingamwili inayodungwa ndani na pembezoni mwa jeraha.

Msafiri azingatie hili hasa. Aliyeumwa Mbagala siku ya Alkhamisi na kuvuka bahari Ijumaa asiiache chanjo yake ng'ambo. Achukue kadi yake, aioneshe hospitali ya Unguja au Pemba, na aendelee na tarehe zilizobaki. Mkuu wa kazi aliyempeleka mtumishi safari ampe ruhusa ya kuzitimiza. Chanjo iliyokatizwa njiani haimpi mtu kinga aliyoitegemea.

Hatua ya tatu inamhusu mbwa. Akiwa anajulikana, asiuawe. Afungwe na aangaliwe na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma, na mganga huweza kusimamisha chanjo zilizobaki. Kumuua na kumtupa ni kuutupa ushahidi. Lakini chanjo ya mtu isingojee siku hizo 10. Ianze mara moja.

4. Wajibu wa mwenye mbwa na wa mamlaka

Kwa upande wa Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamfanya mkosaji mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inahusu udhibiti wa maradhi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Kwa hiyo mwenye mbwa anabanwa pande mbili: asimwachie adhuru watu, wala asimfunge kwa mateso.

Mkaazi mwenye malalamiko ayapeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa afisa mtendaji wa kata, na ataje njia, saa, rangi ya mbwa na nyumba anayotoka. Malalamiko ya "mbwa wamezidi" hayamsaidii afisa mifugo. Ya "mbwa wawili wekundu wa nyumba ya pembe, kila siku saa kumi na moja alfajiri" yanamsaidia. Visiwani, malalamiko hupelekwa kwa Sheha.

Wapo wanaosema dawa ni kuwaua mbwa wote kwa sumu au risasi. Uzoefu wa nchi nyingi umeonesha kuwa mauaji hayo hayaondoi kichaa. Mbwa wengine huhamia mahali palipobaki wazi, na sumu iliyotupwa njiani haichagui kati ya mbwa, kuku na mtoto. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni kuwachanja mbwa, angalau asilimia 70 yao, kila mwaka.

Ushahidi wa hilo uko Pemba. Uchunguzi uliowashirikisha wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara ulifuatilia ugonjwa huu kisiwani humo kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Mwaka 2010 minyororo mitano ya maambukizo ilikuwa ikizunguka kisiwani. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ilipoenezwa kisiwa kizima, minyororo yote ilikatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegezwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena mara mbili kutoka nje ya kisiwa, ukasambaa. Chanjo ya kisiwa kizima ikarejeshwa, na mripuko ukamalizika Oktoba 2018.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, chanjo ikifanya kazi watu huiona haina haja, na hapo ndipo hatari inapoanza. La pili, mbwa hawezi kuvuka mkondo wa Pemba kwa miguu yake. Kuna mtu aliyempakia chomboni. Kila nahodha, kila mtumishi wa bandari na kila msafiri anayebeba mtoto wa mbwa kwa ajili ya ulinzi wa shamba aulize kwanza cheti cha chanjo na kibali cha idara ya mifugo.

Ndugu wananchi, mbwa aliyefungwa kwa wakati na kuchanjwa kila mwaka ni mlinzi wa nyumba. Aliyeachiwa njiani bila ya chanjo ni hatari kwa mtoto wa jirani, na bahari iliyopo kati ya Temeke na Mkoani si pana kiasi cha kuizuia hatari hiyo. Wahenga wamesema: hadhari kabla ya athari.