Bakteria Watatu na Hesabu Iliyonikosesha

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wenzangu tuliopita katika shule hii, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, ambako nami nilipenda kukaa:

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya bakteria. Afadhali nianze na kosa langu. Miaka michache iliyopita wakulima wa nyanya walinijia wakilia na mnyauko, ugonjwa wa bakteria unaoangusha mche majani yakiwa bado ya kijani. Maabarani nilikuwa na bakteria wa aina tatu, ambao kila mmoja peke yake alipunguza ukuaji wa yule wa mnyauko. Nikajumlisha kama tulivyofundishwa humu. Wakachanga fedha, wakanunua aina zote tatu. Mwenzao mmoja hakuwa na fedha za kutosha, akanunua ile kali tu. Shamba lake lilisimama sawasawa na yao. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, zile chupa mbili zilikuwa za nini?” Sikuwa na jibu.

Jibu nililisoma baadaye. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu walitoa matokeo ya kujaribu spishi 61 za bakteria, moja moja, mbili mbili na tatu tatu, dhidi ya spishi nyingine 6. Waliona kwamba pale ambapo kila mmoja humdhuru mlengwa, kwa kawaida madhara hayajumlishwi. Yule mkali kuliko wote ndiye huamua. Basi anayetaka kukisia nguvu ya kundi na apime kwanza kila mmoja peke yake.

Mimi hulifikiria kama sinia la wali: mlaji mwenye kasi akishalimaliza, wenzake hawana tena cha kumnyima mgeni. Lakini, vijana, msilifanye sheria. Yale yalipimwa maabarani, si shambani, na nimesema juu ya wanaodhuru tu. Wako bakteria wanaomsaidia mwenzao kukua.

Mwezi ujao narudi kwa wakulima wale, safari hii kwa gharama yangu. Tutapanda vipande vitano: vitatu vya aina moja moja, kimoja cha zote pamoja, na kimoja bila dawa. Mwalimu wa baiolojia ameniahidi wanafunzi wanne wa kuhesabu miche iliyonyauka. Anayetaka kuja amwone leo kabla ya chakula.