Pete ya Uchumba na Haki ya Jirani

Mada iliyotolewa na Padre kwa vijana wanaojiandaa kwa ndoa, katika semina ya Haki na Amani, Tunduma



Wachumba wapendwa, wasimamizi wa ndoa, wazazi, na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo,

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi hudhani haliihusu Tume ya Haki na Amani: mahali pa kununua pete ya uchumba, hasa pete yenye jiwe la almasi. Kijana mmoja aliniuliza mlangoni, "Padre, pete nayo ina haki gani na amani gani?" Swali lake ni zuri, nami nitajitahidi kulijibu. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2009 juu ya upendo katika ukweli, alifundisha kwamba kununua si jambo la uchumi tu, bali ni tendo la maadili. Papa Fransisko aliyarudia mafundisho hayo mwaka 2015 katika waraka wa Laudato Si'. Basi, ikiwa kununua sukari na sabuni ni tendo la maadili, sembuse kununua alama ya ahadi ya maisha yote?

Kama ilivyo desturi yetu, tutafuata hatua tatu: kuona, kuamua na kutenda.

1. TUONE

Tuanze na desturi yenyewe. Hapa kwetu, kwa Wanyamwanga, kwa Wanyiha na kwa majirani zetu, posa ilipelekwa na mshenga, wazee wakakaa, mahari yakasemwa mbele ya mashahidi. Hapakuwa na almasi. Tena hata huko Ulaya na Marekani almasi ilikuwa kwa muda mrefu mapambo ya wafalme na matajiri wachache. Mambo yalibadilika baada ya almasi kugunduliwa Afrika Kusini mwaka 1867, mawe yakawa mengi, na kampuni ya De Beers, iliyoundwa mwaka 1888, ikayashika masoko. Mwaka 1947 mwandishi wa matangazo huko Marekani, Frances Gerety, aliitungia kampuni hiyo msemo wa kwamba almasi ni ya milele. Tangazo hilo lilienea duniani kote, hata leo kijana wa Tunduma anaamini kwamba asiyetoa almasi hapendi. Ndugu zangu, hilo si fundisho la Kanisa wala si mila ya babu zetu. Ni tangazo la biashara.

Mwaka huo huo wa 1947, jiwe la rangi ya waridi lilipatikana katika machimbo ya Mwadui, Shinyanga, ambayo Dakta John Williamson alikuwa ameyagundua mwaka 1940. Lilikuwa na uzito wa karati 54.5, yaani karibu gramu 11, maana karati moja ya almasi ni sehemu ya tano ya gramu. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza jiwe hilo kwa harusi yake. Hivyo ardhi yetu imo katika historia ya mapambo ya arusi duniani. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuiona almasi ya Mwadui? Mawe hayo yameuzwa kwa miaka mingi huko Antwerp, Ubelgiji. Almasi nyingi za dunia hukatwa na kung'arishwa Surat, India. Likirudi kwetu ndani ya kisanduku cha pete, jiwe limekwisha kupita mikono mingi, na kila mkono umechukua chake.

Tuangalie pia waliobaki nyuma. Mwadui imewapa watu wengi ajira na kuliingizia Taifa kodi. Hilo ni kweli na tunalishukuru. Lakini ni kweli pia kwamba watu wa vijiji vya jirani walilalamika kupigwa, kupigwa risasi, na wengine kuuawa, walipoingia eneo la mgodi kutafuta mawe. Madai yao yalifikishwa Uingereza. Mwezi Mei mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa mmiliki mkuu wa mgodi wakati huo, ilikubali kuyamaliza madai ya watu 71 kwa jumla ya pauni milioni 4.3, zikiwamo gharama za mawakili na fedha za miradi ya jamii, bila kukiri kuwajibika kisheria. Mwezi Novemba mwaka 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, nalo tope likafunika nyumba na mashamba ya watu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba habari hizi ni za Shinyanga peke yake. Jiwe hukaa juu ya dhahabu, na dhahabu iko mlangoni petu, katika Wilaya ya Songwe na jirani zetu wa Chunya. Vijana wetu wanashuka katika maduara. Mchanga ukishasagwa, wengi hukamatia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo motoni, mara nyingine karibu na jiko la chakula. Moshi wake hauonekani kuwa sumu, lakini huingia mapafuni, hudhuru mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe. Mkataba umeridhiwa, moshi bado tunauvuta.

Mwisho, tuuone mpaka wetu. Tunduma ni lango. Malori yanatoka Zambia na Kongo, yanapanga foleni, na kando ya foleni huuzwa kila kitu. Kijana mmoja wa mji huu, dereva wa bodaboda, aliuza pikipiki yake akanunua pete kwa msafiri aliyejitambulisha kuwa ametoka Kongo na almasi ya Mbuji-Mayi. Hapakuwa na risiti wala jina la muuzaji. Baada ya miezi miwili sonara wa Mbeya alimwambia kwamba jiwe ni kioo na pete ni shaba iliyopakwa rangi. Shangazi wa binti alisema neno moja tu: "Mwanangu, pikipiki ndiyo ingewalisha." Uchumba huo haukuvunjika, namshukuru Mungu. Lakini ndoa yao iliahirishwa kwa mwaka mzima, nao walianza maisha wakidaiwa.

2. TUAMUE

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli tunasoma kwamba Mfalme Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa wake watatu walipenya katikati ya maadui wakamletea. Daudi alipotambua kwamba maji yale yalitafutwa kwa kuhatarisha roho za watu, alikataa kuyanywa, akayamimina mbele ya Bwana. Maji yenyewe yalikuwa safi, lakini Daudi aliuliza yamegharimu nini. Hilo ndilo swali la Mkristo dukani. Papa Fransisko naye, alipohutubia Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, alilia juu ya almasi za Kongo zilizotiwa damu na sumu ya tamaa.

Wengine watasema, "Padre, siku hizi kuna cheti." Ni kweli. Baada ya vita vya Angola na Sierra Leone, ambako waasi waliuza almasi ili wanunue silaha, nchi nyingi zilikubaliana juu ya Mpango wa Kimberley, ulioanza kutumika mwaka 2003. Mpango huo umesaidia, lakini tufahamu mipaka yake. Kwanza, cheti chake husafiri na shehena ya almasi ghafi kutoka nchi hadi nchi. Hakifuati pete iliyokwisha kutengenezwa. Anayekuambia kwamba pete hii moja ina cheti cha Kimberley ama hajui, ama anakudanganya. Pili, mpango unazungumzia almasi zinazogharimia vita vya waasi. Mlinzi akimpiga mwanakijiji, au tope likifunika shamba la mjane, jiwe hilo bado litahesabiwa kuwa safi. Kwa hiyo uhalali ni mwanzo wa haki. Haujawa haki yote.

Pia yatupasa kuelewa maana ya pete yenyewe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1062, inafundisha kwamba ahadi ya ndoa haimpi mtu haki ya kumlazimisha mwenzake afunge ndoa. Nayo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa matarajio ya ndoa ambayo haikufungwa, endapo mahakama itaridhika kwamba ilitolewa kwa sharti hilo. Basi, dada zangu, pete si pingu. Asije mtu akakuambia, "Nimekuvika almasi, huwezi kurudi nyuma." Ukiona kwamba hapana upendo wa kweli, pete inarudishwa, nawe unabaki huru. Nanyi wazazi, msimpime mkwe kwa jiwe. Binti aliyepewa kwa ajili ya jiwe amekwisha kuuzwa.

3. TUTENDE

Sasa, tununue wapi na kwa namna gani? Nawapa mambo sita.

Kwanza, patana na mwenzako juu ya kiasi kabla ya kwenda dukani. Pete isinunuliwe kwa mkopo wenye riba, wala kwa kuuza chombo cha kazi. Nendeni pamoja, na mshenga au msimamizi wenu.

Pili, nunueni kwa sonara au duka lenye mahali panapojulikana, leseni ukutani na jina la mwenye duka, liwe Mbeya, Dar es Salaam au ng'ambo ya pili, Nakonde. Msinunue kando ya lori. Aidha, kumbukeni kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hairuhusu kununua madini ghafi bila leseni. Ukishika almasi ghafi au dhahabu ghafi ya mtu usiyemjua, umetapeliwa au umevunja sheria, na huenda yote mawili.

Tatu, someni alama iliyogongwa ndani ya pete. Karati ya dhahabu si karati ya almasi. Dhahabu tupu ni karati 24. Alama 750 maana yake ni karati 18, na alama 375 ni karati 9. Mwombeni sonara aipime mbele ya macho yenu.

Nne, kwa almasi, ombeni cheti cha maabara inayoaminika kinachotaja uzito, rangi, usafi na mkato wa jiwe, kisha mwulizeni muuzaji maswali matatu: Jiwe limetoka nchi gani? Limechimbwa au limetengenezwa kiwandani? Wewe ulilinunua kwa nani? Siku hizi kuna almasi za kiwandani ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha na za ardhini, na bei yake ni ndogo sana. Kuinunua si kosa, mradi muuzaji aseme ukweli na alipwe bei ya kitu hicho. Muuzaji anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Tano, dai risiti iliyoandika kila kitu: uzito wa dhahabu, karati zake, aina ya jiwe, bei, tarehe na jina la duka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sita, jueni kwamba mnaweza kuacha almasi. Mnaweza kumpelekea sonara pete ya bibi aiyeyushe na kuifanya upya. Dhahabu hiyo haihitaji duara jipya wala zebaki mpya. Mnaweza kutumia dhahabu iliyopitia masoko ya madini yaliyoanzishwa na Serikali tangu mwaka 2019, kama lile la Chunya, ambako mchimbaji mdogo hupimiwa kwa mizani inayoonekana. Mnaweza kuvikana pete nyembamba isiyo na jiwe lolote. Kanisa halikuweka sharti la almasi kwa uchumba wala kwa ndoa.

Sisemi kwamba almasi ni dhambi. Ni kazi ya mikono ya Mungu, na ni nzuri. Mwenye uwezo, aliyeuliza na kujibiwa kwa kweli, ainunue kwa amani. Lakini wakulima wa kahawa wa Mbozi walio hapa wanajua uchungu wa jasho kunywewa mbali na mtu asiyeuliza bei ya shambani. Yule mchimbaji na yule mama wa kando ya mgodi wana uchungu huo huo. Ninyi mnataka kuanza nyumba. Ununuzi wenu wa kwanza wa pamoja usifumbie macho uchungu wa jirani, wala usijengwe juu ya uongo wa muuzaji au deni la siri. Ahadi ya kweli inastahili alama ya kweli, hata ikiwa ndogo.

Mungu abariki uchumba wenu. 

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayepanga kiasi cha gharama za uchumba: wachumba, wazazi au majirani?
2. Je, tunawafahamu watu waliotapeliwa mpakani kwa dhahabu au mawe? Jumuiya iliwasaidiaje?
3. Tufanye nini ili familia za wachimbaji wadogo zisichome zebaki karibu na watoto na chakula?
4. Daudi aliyamimina maji yale. Sisi tuko tayari kuacha kitu gani kwa sababu ya namna kilivyopatikana?